Je, Kishikwambi Chaweza Kumfundisha Mtoto Kusoma?

Siku hizi neno "kishikwambi" limefika hata vijijini. Walimu wanacho, vijana wanakitaja, na wazazi wanauliza: Chombo hicho ni kitu gani hasa? Ni cha kumsaidia mtoto asome, au ni mchezo tu wa kumpotezea wakati? Wako wasemao ati kikishafika shuleni mwalimu hana kazi tena. Wako na wengine wasemao ni upuuzi mtupu, heri fedha hizo zinunue madawati. Maneno haya yote husikika barazani na baada ya mikutano ya shule. Leo twataka kuyapima, si kwa kubahatisha, bali kwa mambo yaliyokwisha kufanyika. Tena moja kubwa katika hayo lilifanyika hapa hapa Tanzania, katika vijiji kama vyetu.

CHOMBO CHENYEWE

Kishikwambi ni kibao chembamba chenye kioo, kikubwa kuliko simu ya mkononi. Mtu hukitumia kwa kugusa kioo kwa kidole. Chapata nguvu kwa betri, nayo betri huchajiwa kwa umeme wa nguzo au wa sola.

Chenyewe peke yake hakijui kitu. Ni kama kabati la vitabu lisilo na kitabu. Kinachofundisha ni masomo yaliyowekwa ndani yake, ambayo huitwa programu. Programu njema husema na mtoto kwa sauti, kwa lugha aijuayo, ikimwonyesha herufi na picha. Halafu humwuliza swali. Akijibu sawa, husonga mbele. Akikosea, hurudishwa nyuma pole pole mpaka ajue. Haimgombezi wala haimwonei haya, na haichoki kurudia neno lile lile mara ishirini.

Tena watu wengi huchanganya mambo mawili: kishikwambi na intaneti. Intaneti ni ile njia ya kupata habari na vitabu kutoka mbali, nayo yataka mtandao wa simu na fedha za bando. Lakini programu nyingi za kufundishia watoto zikishawekwa ndani ya chombo, hazihitaji intaneti tena. Mtoto aliye porini pasipo mtandao aweza kusoma kama mtoto wa mjini. Kumbukeni jambo hili, maana ndilo lililowezesha habari ifuatayo.

HABARI YA TANGA

Mwaka 2014 shirika moja la Marekani liitwalo XPRIZE lilitangaza shindano la dunia nzima. Zawadi zote pamoja zilikuwa dola milioni 15. Swali la shindano lilikuwa hili: Je, yawezekana kutengeneza masomo ya kishikwambi ambayo mtoto atajifunza nayo mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, hata mahali asipopata shule wala mwalimu? Vikundi karibu 200 vya nchi mbalimbali viliingia. Mwaka 2017 vilichaguliwa vitano, na kila kimoja kikapewa dola milioni 1 ili kiendelee na kazi.

Basi masomo ya vikundi hivyo vitano yakapelekwa kujaribiwa katika Mkoa wa Tanga, kwa lugha ya Kiswahili. Serikali ya Tanzania ilishiriki, pamoja na UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vishikwambi vilitolewa na kampuni ya Google. Vijiji karibu 170 vilipelekewa, na watoto karibu 3,000 wakaingia katika jaribio. Kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na umeme, viliwekwa vituo vya sola vya kuchajia.

Watoto hao walikuwa nani? Walipimwa kwanza kabla ya kuanza. Watoto 74 katika kila 100 ilisemekana hawajapata kwenda shule. Watoto 80 katika kila 100 hawajasomewa kitabu nyumbani hata siku moja. Na zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Neno moja tu! Si kwamba walikuwa wajinga wa akili. Lugha waliisema vizuri, ila maandishi yake hawakufunguliwa.

Basi wakakaa na vishikwambi miezi 15. Halafu wakapimwa tena, na wakalinganishwa na watoto wa vijiji ambavyo havikupata vishikwambi. Ikaonekana kwamba idadi ya wale wasioweza kusoma hata neno moja imepungua kwa nusu. Katika hesabu, masomo ya vikundi vyote vitano yaliwafaa wasichana sawasawa na wavulana. Jambo hilo lafaa kusikiwa na mzazi yeyote anayedhani hesabu ni za wavulana.

Tarehe 15 Mei 2019, mjini Los Angeles, washindi walitangazwa. Walikuwa wawili, wakalingana: Kitkit School, kikundi chenye watu wa Korea Kusini na Marekani, na onebillion cha Uingereza. Kila kimoja kilipata dola milioni 5. Na kwa sharti la shindano, kazi ya vikundi vyote vitano ilitolewa bure, ili mtu yeyote mwenye ujuzi aweze kuitumia na kuitengeneza zaidi.

TUPIME KWA HAKI

Haya, je, tupige vigelegele? Kidogo ndiyo, lakini tupime kwa haki.

Kwanza, kupungua kwa nusu si kwisha. Kama watoto 90 hawakujua kusoma neno, na sasa wamebaki 45, basi hao 45 bado wako gizani baada ya miezi 15. Pili, kujua kusoma neno moja si sawa na kusoma barua na kuielewa. Kishikwambi kiliwafungulia mlango watoto wengi, lakini safari yenyewe ilikuwa mbele yao bado.

Lakini tusidharau. Masomo hayo ya kishikwambi hayakuhitaji darasa, ubao wala chaki. Kiswahili chetu nacho kilisaidia, maana huandikwa kama kisemwavyo. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu, na akijua ta, te, ti, to, tu, yuko karibu kusoma "bata" na "buti" peke yake. Kwa lugha ya namna hii, masomo ya sauti na silabi hushika upesi.

YA MALAWI NA YA PERU

Twende sasa kwa jirani zetu wa Malawi. Huko vishikwambi havikupewa watoto wajifunze peke yao nyumbani, bali vilitumiwa shuleni. Mwaka 2015 Nicola Pitchford wa Chuo Kikuu cha Nottingham alitoa habari za jaribio lililofanyika katika shule moja ya Lilongwe. Kwa majuma 8 watoto wa madarasa ya chini walijifunza hesabu kwa kishikwambi, kwa lugha yao ya Chichewa. Walipopimwa, waliwapita wenzao waliofundishwa kama kawaida tu. Tangu hapo kazi imekua, hata Serikali ya Malawi ikaanza mpango wa kuzifikia shule zake zote za msingi, darasa la 1 mpaka la 4, kwa vishikwambi vyenye masomo ya onebillion na vinavyochajiwa kwa sola.

Sasa sikieni habari ya namna nyingine. Nchi ya Peru, Amerika ya Kusini, iliwapa watoto wa shule za vijijini kompyuta ndogo, kila mtoto na yake. Fedha nyingi zilitumika. Mwaka 2012 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika shule 319. Walikuta watoto waliopewa kompyuta wamezizoea kompyuta zenyewe, lakini katika lugha na hesabu hawakuwapita wenzao wasiokuwa nazo.

Mbona Malawi kulikuwa na faida, na Peru hakukuwa? Chombo cha Peru hakikuwa kibovu. Tofauti ilikuwa katika matumizi. Lilongwe palikuwa na somo moja lililopangwa hatua kwa hatua, kwa lugha ya mtoto, kwa saa maalumu ya siku, na mtu mzima akisimamia. Peru vyombo viligawiwa, lakini walimu hawakuonyeshwa sawasawa namna ya kuvitia katika mafundisho ya kila siku. Jembe zuri likiegemezwa ukutani halilimi shamba.

Mwaka 2023 UNESCO ilitoa taarifa kubwa juu ya vyombo vya namna hii mashuleni, ikaonya kwamba visiingizwe kwa sababu vipo tu, bali pale vinapomfaa mwanafunzi, na visichukue nafasi ya mwalimu. Mwaka ule ule Serikali ya Sweden, nchi tajiri iliyotangulia katika mambo haya, ilitoa fedha za kurudisha vitabu vya karatasi madarasani. Basi hata wenye navyo vingi wanajifunza kuvipima.

JE, MWALIMU ATAONDOKA?

Sisi tuliosomea ualimu twajibu: Hapana. Na jibu hili si la kulinda ugali wa walimu.

Kishikwambi hakijui kwamba mtoto huyu amekuja bila kula. Hakioni kwamba yule anakunja uso kwa sababu haoni ubaoni. Hakimshiki mkono mtoto wa darasa la kwanza penseli inapomteleza. Hakiwapatanishi wanaogombana, wala hakimwiti mzazi kumwuliza, "Mama, mbona binti yako siku tatu haonekani?" Hayo ni ya mwalimu.

Lakini mwalimu mwenye watoto 90 au 100 mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Akimpa kila mtoto dakika moja tu, kipindi kimekwisha. Hapo ndipo chombo chaweza kumsaidia. Aligawe darasa makundi. Kundi moja lisome naye, jingine liandike, jingine lisikilize kishikwambi. Kisha wabadilishane. Hivyo hata vishikwambi vitatu au vinne vyaweza kufanya kazi katika darasa kubwa.

Tena kiko kishikwambi cha mwalimu mwenyewe. Mwaka 2022 sensa ya watu nchini ilifanywa kwa vishikwambi, na baada ya kazi hiyo Serikali ikavigawa kwa walimu. Mwalimu mwenye bidii aweza kutumia chake kutayarisha somo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada. Shule ikiwa na kitabu kimoja kwa watoto wengi, mwalimu aweza kukifungua humo, akaandika sehemu ubaoni, au akawaonyesha watoto picha ya moyo wa mtu au ya mlima unaotoa moto, mambo ambayo chaki haiwezi kuyachora sawasawa.

MWENYE SIMU MOJA TU NYUMBANI

Mzazi mmoja aweza kusema, "Haya ni ya shule. Mimi nina simu moja tu ya kugusa, nayo ni ya kijana wangu." Basi hata hiyo yatosha kuanzia.

Kwanza, viko vitabu vya hadithi vya bure. African Storybook, mradi wa Afrika ya Kusini, umekusanya hadithi fupi za watoto zenye picha kwa lugha nyingi za Kiafrika, na Kiswahili kimo. Hadithi yaweza kupakuliwa mara moja mahali penye mtandao, kisha ikasomwa nyumbani bila bando. Yaruhusiwa hata kuichapa karatasini.

Pili, viko vipindi vya Ubongo, vilivyotengenezwa Tanzania. Ubongo Kids kilianza mwaka 2014, nacho hufundisha hesabu na maarifa kwa nyimbo na katuni za Kiswahili. Kwa wadogo kiko Akili and Me, chenye herufi na kuhesabu.

Tatu, kwa shule zisizo na mtandao iko programu ya bure iitwayo Kolibri. Mtu huijaza masomo mahali penye intaneti, akaiweka katika kompyuta moja ya shule. Halafu vishikwambi na simu zilizo karibu huyasoma masomo hayo kutoka kwa kompyuta ile, bila bando hata moja. Ni kama kisima: mmoja huchimba, wote huteka.

HATARI ZAKE

Sasa tuseme na mabaya, maana rafiki wa kweli hafichi.

La kwanza ni fedha. Bando huisha upesi kama chumvi ndani ya maji, hasa kwa picha zinazotembea. Kwa hiyo pakueni mara moja, kisha zimeni mtandao.

La pili ni uchafu ulioko mtandaoni. Ziko picha chafu, michezo ya kamari, na watu wabaya wanaojifanya marafiki wa watoto. Mtoto asiachiwe chombo chenye mtandao akaenda nacho chumbani. Akitumie mahali watu walipo, sebuleni au barazani. Yako na matengenezo ya kufungia mambo yasiyofaa kwa neno la siri. Mwombeni mwalimu au kijana mwaminifu awafanyie, na neno hilo mlijue ninyi wazazi.

La tatu ni wakati. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 2 mpaka 4 asikae mbele ya kioo cha namna hii zaidi ya saa moja kwa siku, tena ikipungua ni bora; na mchanga wa chini ya mwaka mmoja asionyeshwe kabisa. Msimtulize mtoto anayelia kwa kumpa simu. Huko si kulea. Mtoto ataka kucheza, kukimbia, kutumwa, kusikia hadithi za bibi na kulala mapema.

La nne ni uharibifu. Vumbi, maji na joto la juani ni adui wa chombo hiki. Na mwizi naye hupenda kitu chepesi chenye bei.

MASWALI KABLA YA KUCHANGA FEDHA

Huenda siku moja mkutano wa shule yenu ukaletewa shauri la kuchanga fedha za vishikwambi. Msikatae upesi, wala msikubali upesi. Simameni kwa adabu mwulize maswali haya:

1. Ndani yake mna masomo gani? Ni ya Kiswahili, na yanafuata mtaala wa shule zetu?

2. Yafanya kazi bila intaneti?

3. Walimu watafundishwa kuvitumia? Na nani, kwa siku ngapi?

4. Vitachajiwa wapi? Sola ikiharibika, nani atatengeneza, na kwa fedha zipi?

5. Vitalala wapi usiku, na nani anashika ufunguo na daftari la hesabu yake?

6. Watoto watavitumia saa ngapi kwa siku, na wakubwa hawatawanyang'anya wadogo? Na wasichana watapata zamu sawa na wavulana?

7. Baada ya mwaka, tutajuaje kwamba watoto wamefaidika? Watapimwa kusoma mwanzo na mwisho?

Mleta shauri akijibu maswali yote saba vizuri, shauri lake lina uzima. Akijibu la bei tu, mwambieni akajitayarishe arudi. Na kama shule haina vitabu, wala choo, wala madawati, wazazi wana haki ya kuuliza kipi kitangulie.

KAZI YA MZAZI

Mwisho twarudi kwa jambo lililo kubwa kuliko chombo. Katika hesabu za Tanga iko moja ya kututia simanzi: watoto 80 katika kila 100 hawajapata kusomewa kitabu nyumbani. Hapo hapakosi kishikwambi tu; pakosa mtu wa kukaa na mtoto dakika kumi.

Mtasema, "Wengine sisi wenyewe hatujui kusoma." Ni kweli, na si aibu. Ofisini kwa parokia huja wazazi wenye akili na heshima zao, lakini inapofika kutia sahihi huomba wino watie dole gumba. Kila mmoja wao husema neno moja: "Mwanangu asiwe hivi." Basi, mzazi asiyejua kusoma aweza bado kusaidia. Aseme, "Nisomee, nasikiliza." Mtoto akisoma, mzazi amwulize, "Halafu ikawaje?" Kwa swali hilo moja mtoto hujifunza kwamba kusoma si kutamka maneno tu, ni kuelewa. Na mzazi atatambua mara moja kama mwana yuko darasa la nne lakini hawezi.

Ikiwa hawezi, usimpige. Kesho yake nenda shuleni, umwone mwalimu, sema naye taratibu. Ulizeni pamoja mtoto amekwama wapi: ni herufi, ni silabi, au ni macho? Kama shule ina kishikwambi chenye masomo ya kusoma, huyo ndiye wa kwanza kupewa zamu, wala si yule hodari anayejua tayari. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyekwama darasa la pili huinuka upesi kuliko yule aliyeachwa mpaka la saba.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: Kishikwambi chaweza kumsaidia mtoto kujua kusoma, kama kina masomo mema ya lugha yake, kama mwalimu akitumia kwa mpango, na kama nyumbani kuna mtu anayejali. Bila hayo ni kioo tu.

Haya, wazazi, msingoje vishikwambi vije. Leo jioni, kabla ya taa kuzimwa, mpeni kila mtoto gazeti hili asome mistari michache kwa sauti. Msikilizeni mpaka mwisho. Hapo mtajua mnalo jambo gani la kwenda kumwuliza mwalimu kesho.